Gari Lililokunywa Bahari

Hodan alinipigia simu Jumatatu mchana, nikiwa nakaanga vitunguu. Aliniita habaryar, mama mdogo, kama alivyozoeshwa tangu utotoni, kisha akamtaja Aabo, yaani baba, nami nikajua. Baba yake, Gedi, fundi wa magari wa Garissa, alikuwa amefariki alfajiri na tayari walikuwa wameshamzika. Nilizima jiko, nikasema yale tunayosema wakati kama huo. Ndipo akanieleza kwa nini amepiga simu badala ya kutuma ujumbe. Kwao mtu akifa, familia huwatafuta wote waliowahi kukosana naye, wamsamehe kwa vinywa vyao, aende hana deni la moyo wa mtu. "Mama anasema wewe uko na kitu na Aabo," akasema Hodan. "Anaomba ukuje umsamehe hapa nyumbani. Kwa simu hataki." Nilitazama vitunguu vikipoa kwenye sufuria. Ni kweli nilikuwa na kitu naye. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nikiamini kwamba Gedi alinifungia Garissa miezi mitano kwa uongo, na kwamba kamba aliyonifungia ilikuwa bolti nane za ekzosi ya gari langu.

Nilidhani nimesahau. Mtu mzima wa umri wangu, mwenye magoti mabovu na wajukuu wa dada yake wanaomwita nyanya, hapaswi kuwa na hasira na marehemu kwa sababu ya bolti. Lakini usiku ule nilipokuwa nikikunja nguo za safari nilijikuta nagombana naye kichwani, neno kwa neno, kana kwamba ameegemea mlango wangu akipangusa mikono kwa kitambaa chake cheusi. Nilikasirika, halafu nikaona haya kwa kukasirika, halafu nikalia, na sikujua lipi kati ya hayo lilikuwa la msiba.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba, mkunga katika zahanati, na nilipanga chumba katika kiwanja cha Gedi. Mbele, upande wa barabara, ilikuwa gereji yake: kibanda cha mabati, shimo la kushukia chini ya magari, na benchi ndefu walipokaa wanaume kunywa chai. Nyuma ilikuwa nyumba na ua wa wanawake, na katikati ndipo chumba changu, mlango ukitazama uani na dirisha likitazama gereji. Kilikuwa na kitanda cha chuma, ndoo mbili, na ukuta uliopakwa rangi ya samawati ukaishia usawa wa bega, kama vile mpakaji aliitwa akaenda zake. Kupitia wavu wa dirisha nilipata harufu ya dizeli, na ikifika saa nne, harufu ya chai ya tangawizi na maziwa ya ngamia. Asubuhi mke wa Gedi, Dahabo, alinipitishia anjera, mikate myembamba laini, zilizomwagiwa mafuta ya simsim na sukari. Mchana ulikuja wali na nyama ya mbuzi, na juu ya wali ndizi mbivu. Wiki ya kwanza niliitoa ile ndizi nikaiweka pembeni, niile baadaye kama tunda. Dahabo aliona, akairudisha juu ya wali, akanikatia kwa kijiko. "Bamoja," akasema. "Unakula bamoja." Nilikula, na sikuelewa, na baada ya mwezi sikuweza kula wali bila ndizi.

Sikuelewa mambo mengi mwaka ule. Kisomali nilijua maneno kumi, na ua mzima uliongea Kisomali. Wanawake wakicheka nilicheka, kisha nikakaa nikijiuliza tumemcheka nani. Nilipolisikia neno "Sista", walivyoniita kwa sababu ya ukunga, katikati ya mazungumzo, masikio yalinisimama, lakini sentensi ilikuwa imeshapita. Dahabo peke yake ndiye aliyesumbuka kuniongelesha Kiswahili. Alikuwa mtu wa Buna, kaskazini mbali, mrefu, mkavu wa maneno. Nilipomfahamu alikuwa ameshazaa mara mbili na mara zote mbili alizika. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Siku aliyonieleza hakulia. Alinishika mkono, akauweka tumboni mwake, akasema, "Huyu ni yako na yangu. Usiende mahali." Nami nikamjibu kwa wepesi wa kijana kwamba siendi popote.

Baada ya wiki mbili barua ya uhamisho ikaja. Nilikuwa nimeiomba mwenyewe zamani, kabla sijamjua Dahabo, na sasa ilinitaka kwetu, karibu na nyumbani. Nilipaswa kufurahi. Nadhani nilifurahi. Nilikuwa na gari, saluni kuukuu niliyouziwa na mwalimu aliyetoka nayo Malindi, nami nilikuwa nimetia ndani yake kila shilingi niliyokuwa nayo. Shida yake ilikuwa moja: ekzosi ilinguruma kama lori na moshi uliingia ndani ya gari hadi kichwa kikaniuma. Nilimwambia Gedi anitengenezee nisafiri. Alifungua boneti, akaweka kiganja karibu na kile chuma kinachokusanya moshi ubavuni mwa injini, akahisi upepo unapotokea. Gasketi ya kuziba moshi imeungua, akasema. Ni kukifungua kile chuma, nati nane, kuweka mpya, kufunga. "Siku tatu, Sista. Inshallah."

Nati ya kwanza ilitoka, na ya pili. Ya tatu ilizunguka robo, ikalia, na bolti yake ikakatika ndani kabisa, ikabaki kisiki kilicholingana na chuma cha injini. Gedi alikipapasa kwa kidole. Alitumia karibu wiki tatu kukitoboa kisiki hicho kwa drili ya mkono, kidogo kidogo, kwa sababu ncha ya drili ikienda mshazari injini nayo imeharibika. Alipomaliza aliapa hatavunja nyingine. "Moja nimefunja. Ya bili sifunji," akaniambia. Zilibaki tano. Kila asubuhi alizipaka mchanganyiko wake wa mafuta ya breki na mafuta ya taa, akazigonga vichwa kwa nyundo ndogo, tik, tik, kama anayeamsha mgonjwa. Siku nyingine alizichoma kwa moto wa gesi, akazigusisha mshumaa ili nta inywewe kwenye meno ya bolti. Kisha alitia spana, akaegemea taratibu, akasikiliza. Akaitoa. "Bado. Bole bole."

Ningeweza kupanda basi. Watu wameniuliza hilo mara nyingi na nimewajibu kwamba gari lililofunguliwa nusu halina mnunuzi, kwamba lilikuwa mali yangu yote, kwamba aliyetakiwa kuja mahali pangu zahanati alikuwa hajafika na wakubwa walifurahi nikichelewa. Yote ni kweli. Lakini kila nikiyasema nahisi yanapungukiwa na kitu. Asubuhi nilitaka kuondoka na jioni nilitaka kubaki, na katikati ya mchana nilimlaumu Gedi kwa yote mawili.

Siku moja aliniita nje. Aliokota kitu juu ya nati kwa ncha ya kidole, unga mweupe, akaniwekea kiganjani. Kisha akaulamba mwenyewe. "Chumvi," akasema, macho yamemtoka. "Jana nimesafisha kwa brashi. Leo iko tena. Kila siku nasafisha, kila siku inatoka." Alikuwa ameshafikiri hadi mwisho. Gari lilitoka Malindi, lilikaa kando ya maji miaka mingi, chuma chake kikanywa bahari. Sasa limekuja penye jua kali na bahari inatoka kidogo kidogo, kama jasho. Ikiisha yote, nati zitalegea. Nilicheka sana. Nilimwambia mimi nimesoma sayansi na chuma hakitoi jasho. Hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyemletea daktari dalili zake akaambiwa hana ugonjwa. "Basi niambie wewe inatoka wabi," akasema. Sikuwa na jibu, na kwa kuwa sikuwa na jibu nikaamua kwamba ananidanganya.

Kuanzia hapo nilianza kumchunguza. Nilikaa dirishani nikimtazama akiegemea spana, nikijaribu kuona kama kweli anasukuma au anaigiza. Adhana ikiingia, gereji yote iliacha kazi. Wanaume waliosha miguu na kwenda msikitini, na kwa robo saa pakawa kimya, hapana mtu ila mabati yakilia kwa joto. Wakati huo mara nyingi nilimwona Dahabo akitoka uani na birika la plastiki la kutawadhia, tumbo likimtangulia, akipita taratibu kati ya magari hadi nyuma ya langu. Nilidhani anatafuta kivuli cha kutawadhia. Mara moja nilimpungia mkono dirishani. Alishtuka, kisha akanipungia.

Mimba ilipokaribia mwezi wa tisa ndipo nilipomkosea Gedi, ingawa kwa miaka yote niliamini ni yeye aliyenikosea. Ilikuwa Alhamisi baada ya sala ya alasiri, nami nilikuwa ninakanda unga chumbani. Mzee Shukri, muuza spea aliyekunywa chai kwenye ile benchi kila siku ya Mungu, alimtania kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili, labda ili nisikie. "Gedi, wewe umemfunga Sista na bolti? Ukimwachilia, bibi yako atazalishwa na nani?" Benchi nzima ilicheka. Nilingoja Gedi akatae. Hakukataa. Alicheka nao, akasema, "Mungu ndiye anajua kazi yake."

Nilitoka na mikono ya unga. Nilimwambia mbele yao wote kwamba nimejua sasa, kwamba ananichezea, kwamba amenishika mateka na kusingizia chumvi. Aliacha kucheka. "Wallahi, Sista," akasema, "bolti ni ngumu." Nikamwambia asimtaje Mungu kwa ajili ya bolti. "Wewe ni mwongo," nikasema. Kiswahili cha wale wazee kilikuwa cha kuombea maji, lakini neno hilo walilijua. Hakuna aliyeinua kikombe. Gedi alichukua kitambaa chake akapangusa vidole, kimoja kimoja, vyote kumi, kisha akaingia chini ya gari la mtu mwingine. Nilirudi kwenye unga wangu nikijiona shujaa. Saa ya chakula sinia ilikuja kama kawaida, wali, nyama, ndizi juu. Na asubuhi nilisikia tik, tik, nyundo juu ya nati zangu. Hilo ndilo lililonivuruga zaidi. Mwongo aliyefichuliwa angeliacha gari.

Mtoto alikuja Ijumaa, kabla ya sala ya mchana. Dahabo alinifinya mkono hadi pete ikanikata. Mtoto alipotoka alikuwa msichana, wa buluu, na hakulia. Nilimsugua mgongo, nikamsafisha pua na kinywa, nikampuliza, nikamsugua tena. Nilisikia mle chumbani wanawake wameacha hata kuomba. Kisha akalia, sauti nyembamba yenye hasira, na nje ya mlango nikasikia kitu kizito kikianguka. Ilikuwa spana. Gedi alikuwa amesimama pale muda wote akiishika.

Mzazi huko hakanyagi nje siku arobaini. Dahabo alikaa ndani na ubani na supu, wanawake wengine wakipika, na hata maji ya kunawa aliletewa. Siku ya kumi na kitu nilisikia kelele gerejini. Gedi alikuja mbio hadi mlangoni kwangu, akiwa amesahau kabisa kwamba hatusemezani. Kiganjani alikuwa na nati mbili, nyeusi, zinang'aa mafuta. "Sista, zimetoka! Chumvi imekwisha! Bahari imekauka!" Uso wote ulikuwa meno. Wiki iliyofuata zilitoka tatu zilizobaki, bila kuvunjika hata moja. Lakini mimi nakumbuka ile siku ya kwanza tu, kwa sababu ya nilichomjibu. "Lazima zitoke," nikasema. "Mtoto si amezaliwa?" Aliutazama mkono wake. Tabasamu lilimwondoka polepole, kama hakujua aliweke wapi. Akasema, "Haya," akageuka. Nilipoondoka na gari langu, ekzosi ikinong'ona vizuri kabisa, alinifungulia lango na kunipa salaam. Tangu siku hiyo hatukuzungumza zaidi ya salaam.

Nilifika Garissa siku ya tatu ya msiba. Mabati ya gereji yamebadilishwa, chumba changu ni stoo ya matairi. Dahabo alikuwa ndani, amevaa nyeupe kama wanavyovaa wajane huko, amekonda, mikono ile ile mirefu. Tulishikana kwa muda mrefu. Kisha mbele ya wanawake waliokaa mkekani aliniambia alichoachiwa. Siku mbili kabla ya kufa Gedi aliwataja watu aliotaka waombwe msamaha, na mimi nilikuwamo. "Akasema, Sista akikuja, mwambieni bolti zilikuwa ngumu kweli." Nusura nicheke, na nusura niinuke nitoke. Hata kitandani! Hata hapo bado ananishikilia na bolti zake! Lakini nilikuwa nimesafiri kwa jambo moja, nikalisema. "Nimemsamehe. Kwa yote. Aende salama." Wanawake wakaitikia amina, na nikajiona mtu mwema.

Dahabo alingoja hadi wenzake walipotoka kwenda kutawadha. Kisha akavuta mkeka karibu. "Sasa umemsamehe," akasema. "Sasa sikia. Hakukudanganya. Ni mimi." Alisema kwao Buna maji ya visima ni ya chumvi, na tangu utotoni aliona minyororo ya ndoo ikiliwa nayo hadi inakatika. Alichukua chumvi ya mawe wanayolambishwa mbuzi, akaiyeyusha ndani ya birika, na kila wanaume walipokwenda kuswali alizimwagia nati zangu. Asubuhi mumewe alitia mafuta, mchana na alasiri yeye alitia chumvi. "Mbaka nilifyozaa. Ndani siku arobaini, sikuweza kutoka na birika. Ndiyo zikatoka."

Nililiona tena akilini lile birika. Lilikuwa la kijani, na mimi nililipungia mkono. Nilimuuliza kama Gedi alijua. "Hakujua. Mwaka wa kwanza niliogoba. Mwaka wa bili ameshaambia watu wote gari ilikunywa bahari. Nitamwambia nini?" Aliniambia Gedi hakupokea tena gari lolote kutoka Pwani. Aliwaambia wenye magari hayo waende kwa mafundi wengine, yeye hana umri wa kungoja bahari ikauke. Dahabo alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akajifunika uso kwa ile nguo nyeupe. "Nisamehe mimi sasa," akasema.

Nilimtazama na sikujua nianzie wapi kumkasirikia. Huyu ndiye aliyenifungia. Mlangoni alipita Hodan na chupa ya chai, ana miaka ishirini na miwili, na nikamwona tena akiwa wa buluu mikononi mwangu. Nilimwambia Dahabo nimemsamehe, na hata leo sijui kama nilisema kweli au nilisema kwa sababu chai ilikuwa imefika. Nilichojua ni kimoja: nilikuwa nimemsamehe mtu asiye na kosa, na yeye, niliyemvunjia heshima mbele ya watu, hakuwepo tena wa kunisamehe. Nilimtukana benchini. Basi nilipaswa kulirudisha neno langu benchini.

Nikatoka hadi kwenye turubai la wanaume, pale pale ilipokuwa benchi. Si kawaida, na waligeuza vichwa. Mzee Shukri alikuwapo, mzee kabisa sasa, jicho moja lina ukungu. Nilisimama mbele yake, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Zamani nilimwita Gedi mwongo hapa. Hakusema uongo. Zile bolti zilikuwa ngumu kweli." Mzee Shukri aliinua uso, akanitafuta kwa lile jicho zima.

"Bolti gani, Sista?" akauliza.

Hakukumbuka. Wala mwingine yeyote pale hakukumbuka. Ni Gedi na mimi tu tuliolibeba neno lile miaka yote, yeye hadi kitandani. Wakanisogezea kiti. Nikaketi, nikaanza tangu mwanzo: moshi, nati nane, ile moja iliyokatika, mshumaa, nyundo ndogo. Nikafika kwenye unga mweupe, namna alivyoulamba. Mzee Shukri akaniinamia. "Chumvi? Juu ya injini? Ilitoka wabi?"

Niligeuza shingo, na kwenye mlango wa ua nikaona ncha ya ile nguo nyeupe.

"Gari lilitoka Malindi," nikamwambia. "Lilikuwa limekunywa bahari."